Kadi Moja, Mikono Miwili

Katika msimu mmoja wa mavuno, wakati ambapo barabara zote ziingiazo Kitale hujaa matrekta na malori yaliyobeba mahindi hata mwenda kwa miguu akakosa pa kupita, nilikaa siku nzima katika ua wa ghala moja ambalo sitalitaja jina, nikingoja mzigo wa ndugu yangu upokewe. Na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutazama, niliona jambo ambalo tangu siku ile limekuwa ndilo mfano wangu wa kwanza kila ninapowafundisha vijana namna kompyuta inavyofanya kazi katika sehemu zake za ndani kabisa.

Ghala lile lilikuwa na vyumba vinane vya nafaka, na habari za vyumba vyote vinane ziliandikwa katika kadi moja tu ya manila, iliyotundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa ofisi. Kadi ilikuwa na visanduku vinane mfululizo: chumba kilichojaa kilitiwa alama ya mkasi, na kilichokuwa na nafasi kiliachwa kitupu. Kwa kuwa mkubwa wa pale hakuridhia kadi yenye makwaruzo na mafuto, ada ilikuwa kwamba karani atakaye kubadili kisanduku kimoja aisome kadi iliyo msumarini, aende mezani, achukue kadi mpya, anakili visanduku saba visivyobadilika kama alivyoviona, akibadili kile kimoja chake, kisha arudi mlangoni, aing'oe kadi ya zamani na kuitundika mpya. Maadamu karani alikuwa mmoja, utaratibu huo haukuwa na nakisi yoyote.

Yapata saa nane mchana chumba cha tatu kilijaa, na katika dakika ile ile chumba cha sita nacho kikajaa. Makarani wawili, kila mmoja akitoka upande wake, walifika mlangoni karibu pamoja, wakaisoma kadi, nayo ilionyesha visanduku vyote viwili vitupu. Wakaenda mezani, kila mmoja na kadi yake na kalamu yake. Wa kwanza alikuwa mwepesi wa mkono: alitia alama katika kisanduku cha tatu, akarudi, akatundika. Wa pili aliandika polepole, kwa hati nzuri, akatia alama katika kisanduku cha sita, na kisanduku cha tatu akakiacha kitupu, maana ndivyo alivyokiona. Naye akarudi, akaing'oa kadi ya mwenziwe bila kuitazama, akatundika yake. Tangu hapo kadi ikawa inashuhudia kwamba chumba cha tatu kina nafasi. Lori lililotoka upande wa Bungoma, lililokuwa limelala foleni usiku kucha, likaelekezwa huko. Dereva akalirudisha nyuma kwa taabu kubwa katika uchochoro uliokuwa baina ya kuta mbili, wapagazi wakashusha turubai, mlango ukafunguliwa, na mle ndani magunia yamepangwa hata darini. Kabla hawajaweza kutoka, kwa kuwa matrekta mengine yalikwisha kuwaziba kwa nyuma, wingu lilishuka kutoka Mlima Elgon, na mahindi yaliyokuwa wazi yakanyeshewa.

Nawaomba wasomaji watue hapa kidogo. Makarani wale hawakugombea kisanduku kimoja. Huyu alikuwa na cha tatu na yule alikuwa na cha sita, wala hakuna aliyetamani kugusa cha mwenziwe. Kila mmoja alinakili kwa uaminifu alichokiona. Ukiwaita mbele ya kadhi ukawahoji mmoja mmoja, humpati mwongo wala mvivu, kwa maana taksiri ilikuwa katika ule mwanya baina ya kusoma na kuandika, ambamo mtu wa pili aliweza kuingia na kutoka bila ya wa kwanza kujua.

Basi ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kila simu ambayo mwendesha bodaboda wa Kanduyi huitia mfukoni, ipo programu moja iliyo bwana wa programu nyingine zote, ambayo wataalamu huiita kerneli: ndiyo igawayo kumbukumbu, ndiyo iamuayo ni programu ipi ipewe kichakata na kwa muda gani, ndiyo isemayo na diski na redio na kioo kwa niaba ya wengine. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nayo leo ndiyo msingi wa simu za Android. Kerneli hii ina kadi zake, maelfu kwa maelfu. Biti moja husema kwamba ukurasa huu wa kumbukumbu umebadilishwa na sharti uandikwe diskini. Biti ya jirani yake husema kwamba ukurasa huo huo umefungwa, mwingine asiuguse. Nyingine husema kwamba kifaa fulani kinatumika, au kwamba kazi fulani imekwisha kuratibiwa. Kila moja ni ndiyo au la, moja au sifuri, kisanduku chenye mkasi au kisanduku kitupu.

Na kompyuta, ijapokuwa twaisifu kwa wepesi, haina kidole chembamba cha kuweza kushika biti moja. Ishikacho kwa kawaida ni neno zima, yaani fungu la biti 32 au 64. Hulisoma lote kutoka katika kumbukumbu, huigeuza ile biti moja ndani ya kichakata, kisha huliandika lote tena mahali pake. Kusoma, kugeuza, kuandika: safari ile ile ya msumarini, mezani, na msumarini tena. Hata pale ambapo hatua hizo tatu zimevikwa vazi la amri moja, kama ilivyo katika vichakata vya ukoo wa Intel, ndani ya vazi zimo tatu vile vile, na kichakata kingine chaweza kupenya baina yake. Linux ilipopata uwezo wa kutumia vichakata vingi kwa pamoja, katika toleo lake la 2.0 la Juni 1996, jambo hili liliwahusu wenye mashine za bei kubwa. Leo simu ya kawaida ina vichakata vinane ndani ya kipande kimoja cha silikoni, makarani wanane wenye kalamu, na msumari ni ule ule.

Tendo ambalo halina mwanya huitwa tendo la atomiki. Jina hili lilitoka kwa Wayunani, kwa maana ya kitu kisichokatika vipande, na wanafalsafa wa Kiarabu walipotaka kuitaja chembe ya namna hiyo walisema jauhari iliyo pekee, neno ambalo ni nduguye johari yetu ya pwani. Nami napendezwa na udugu huo, kwa kuwa tendo lisilogawanyika ni kitu cha thamani hasa, na kama johari zote, halipatikani bure. Mwenye kulitazama kwa nje huliona katika hali mbili tu: ama halijaanza, ama limekwisha. Haiwezekani kulifumania katikati.

Mafundi wa vichakata wamelipata kwa njia mbili. Katika Intel 8086, ya mwaka 1978, kulikuwamo neno la kutangulia amri, liitwalo lock, ambalo liliwazuia wengine wasiitumie njia ya kuendea kumbukumbu hata tendo limalizike. Ni kama karani anayeiondoa kadi msumarini na kwenda nayo mezani, wengine wakifika wakaona msumari mtupu, wasubiri. Katika vichakata vya ARM, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu zetu karibu zote, njia iliyotangulia ni ya upole zaidi: karani huisoma kadi na kuiacha mahali pake, lakini arudipo hutazama kwanza kama imeguswa na mtu mwingine tangu aliposoma, ikiwa imeguswa, huichana kadi aliyoiandika na kuanza upya, na ikiwa haijaguswa, huitundika yake. Matoleo ya karibuni ya ARM yameongeza amri zinazoifanya kazi yote kwa mara moja. Njia zote hizi zina gharama. Kichakata kimoja kinapolishikilia neno, vingine vinavyolihitaji hungoja. Na neno linaloombwa na wengi huzungushwa kutoka kichakata hadi kichakata kama mtungi mmoja wa maji katika kijiji kizima.

Ndiyo sababu watungaji wa Linux wameweka majina mawili kwa kila kazi ya namna hii. Lipo set_bit, ambalo huitia biti alama kwa tendo la atomiki. Na lipo __set_bit, jina lile lile lililotanguliwa na vistari viwili vya chini, ambalo hufanya kazi ile ile bila kinga yoyote, na kwa hiyo kwa wepesi mkubwa zaidi. Mtu mgeni akitazama haraka atadhani vistari vile ni pambo, au ni makosa ya mpiga chapa. Kumbe ni ahadi. Mwenye kuandika vistari viwili amesema mbele ya wote watakaoisoma programu yake baada yake: mimi nina yakini kwamba katika wakati huu hakuna mkono mwingine juu ya neno hili.

Rai yangu ni kwamba ahadi hiyo haina budi kufundishwa kuwa ni ahadi, na kwamba sisi tunaofundisha fani hii huku magharibi ya Kenya, kuanzia vyuo vya ufundi vya Kitale hadi madarasa ya chuo kikuu huko Bungoma, tumeipuuza mno. Tunawafundisha vijana lugha tatu au nne za kuandikia programu katika mwaka mmoja, wakajua kupamba ukurasa na kuunganisha malipo ya simu, lakini wengi humaliza masomo bila kuulizwa hata mara moja: je, na mwingine akiingia hapo katikati? Si kwamba nataka kila mmoja wao awe mjenzi wa kerneli. Wachache tu ndio watakaokuwa. Lakini kerneli ni mahali ambapo swali hili limesimama wazi, kwa vistari viwili, na aliyeliona mara moja hapo hataacha kuliona penginepo.

Wala sisemi kwamba tendo lisilo la atomiki ni baya. Wapo walimu ambao, wakiisha kugutuka, huwaamuru wanafunzi watumie la atomiki kila mahali, kwa hadhari. Nami nadhani amri hiyo ni namna nyingine ya kukataa kufikiri. Alfajiri, kabla lango la ghala halijafunguliwa, karani aliye peke yake anayetayarisha kadi ya siku hana haja ya kumzuia mtu ambaye hayupo. Kerneli nayo ina alfajiri zake: kitu kipya kinapoumbwa katika kumbukumbu, na anwani yake haijajulikana na yeyote isipokuwa aliyekiumba, vistari viwili ni halali kabisa. Kadhalika, ikiwa mwandishi amekwisha kushika kufuli ambalo wote watumiao neno lile wamekubaliana kulishika kwanza, kulipia kinga ya pili juu ya kinga ya kwanza ni israfu. Fauka ya hayo, aliyetumia tendo la atomiki pasipo kujua kwa nini aweza kudhani amepata mambo ambayo hakupewa: set_bit humhakikishia kwamba alama haitapotea, lakini peke yake haimhakikishii kwamba wengine watayaona maandishi yake mengine kwa taratibu ile ile aliyoyaandika. Kadi yaweza kusema chumba kimejaa, na daftari la mizani halijaandikwa bado. Atakaye taratibu hiyo sharti atumie jamaa mwingine wa ukoo huu, test_and_set_bit, au aongeze vizuizi vyake mwenyewe. Kujua ni kipi ulichopewa na kipi hukupewa, hiyo ndiyo elimu.

Lililo la hatari kuliko yote ni kuchanganya. Chukua karani mmoja mwema, aiondoaye kadi msumarini kila mara kama inavyopasa, na mwenziwe ambaye hutazama tu kwa mbali, akanakili, kisha akaja kuitundika yake juu ya yoyote aliyoikuta. Wema wa yule wa kwanza haumfai kitu. Tendo la atomiki huwazuia wale tu waliokubali kuzuiwa. Aliyepita kando, kwa vistari viwili, atalifuta hata lile lililoandikwa kwa uangalifu wote. Kwa hiyo haitoshi mtu kuisahihisha sehemu yake ya programu, bali apaswa kujua ni nani mwingine anayeligusa neno lile, katika faili ipi, na kwa jina lipi, na utafiti huo waweza kumla siku nzima kwa ajili ya biti moja.

Kisa kimoja cha kweli kitaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kumpata hata fundi asiye na kosa. Mwanzoni mwa mwaka 2012, Jan Kara, mmoja wa wajenzi wa Linux walioajiriwa na SUSE, aliwapa habari wenziwe ya hitilafu iliyoonekana katika mfumo wa mafaili uitwao btrfs, juu ya mashine za Itanium. Katika kumbukumbu palikuwa na kufuli la biti 32, na mara baada yake palikuwa na biti moja ya alama, ambayo jina lake, kwa sadfa iliyonirudisha Kitale nilipolisoma, lilikuwa na maana ya "imejaa". Mwandishi wa programu alitaka kuigeuza biti ile tu. Lakini kompaila, ile programu inayofasiri maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, iliona ni wepesi zaidi kusoma biti 64 kwa pamoja, kuigeuza ile moja, na kuzirudisha zote 64. Na katika hizo 64 nusu yake ilikuwa ni kufuli la jirani. Ikitokea kwamba katika nukta ile kichakata kingine kimeligusa kufuli, mguso wake ulifutwa, likarudishwa kufuli la zamani kana kwamba hakuna aliyefika. Karani alinakili kadi yake pamoja na kadi iliyotundikwa pembeni, na iliyokuwa pembeni ndiyo ilikuwa funguo za ghala. Mjadala uliofuata baina ya wajenzi wa kerneli na wajenzi wa kompaila ulikuwa mkali, na ulistahili kuwa mkali.

Najua jibu ambalo hutolewa mara nyingi: kwamba mwanya wenyewe ni wa sehemu ndogo mno ya sekunde, na kwamba programu imejaribiwa wiki nzima bila kuonekana kasoro. Tufanye hesabu. Chukulia kwamba katika kila matendo 10,000,000 ni moja tu litakaloangukia wakati mwenziwe yumo katikati. Na chukulia kwamba tendo hilo hufanyika mara 1,000 kwa sekunde, jambo ambalo kwa kerneli si kitu. Basi msiba utatokea, kwa wastani, kila baada ya sekunde 10,000, nazo ni saa mbili na dakika 46 hivi. Katika meza ya fundi aliye na simu moja na subira ndogo hautaonekana. Katika nchi yenye mamilioni ya simu utatokea wakati huu mnaposoma. Na utakapotokea hautaacha alama, kwa kuwa ushahidi wenyewe ndio uliofutwa. Simu itaganda, mwenyewe ataizima na kuiwasha, na maisha yataendelea, bila mtu kujua.

Lakini siyo kila mahali maisha huendelea. Baina ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa mionzi iliyozidi kipimo kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo. Nancy Leveson na Clark Turner, walioichunguza habari hiyo na kuichapisha mwaka 1993, walitaja sababu nyingi, zikiwamo kiburi cha watengenezaji na kuondolewa kwa vizuizi vya chuma na umeme vilivyokuwamo katika mashine za kabla yake. Na miongoni mwa sababu hizo waliandika kwamba kazi mbalimbali ndani ya programu zilishiriki alama zile zile za kumbukumbu, na kwamba kuitazama alama na kuigeuza hayakuwa tendo moja lisilogawanyika. Kwa hiyo nikisikia mtu akiliita jambo hili kuwa ni la wataalamu wachache wa mambo ya ndani, moyo hunichoma.

Na kwetu haliwezi kuitwa geni. Mzee yeyote wa Bungoma aliyekulia karibu na stesheni ajua kwamba reli ipitayo hapo kwenda Malaba, na kufika Kampala tangu mwaka 1931, ni njia moja, na kwamba treni mbili zitokazo pande mbili haziwezi kuruhusiwa katika kipande kimoja kwa kutumaini kwamba madereva wataonana kwa mbali. Haimfai mkuu wa stesheni kutazama tu kwamba njia ni tupu. Sharti utupu wa njia na ruhusa ya kuingia viwe kitu kimoja, ili baina ya kutazama na kuruhusu asipatikane mwingine wa kuruhusu kutoka upande wa pili. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye mwaka 1965 alichapisha ufumbuzi wa tatizo hili katika makala ya ukurasa mmoja, alipotafuta jina la chombo chake cha kuwazuia washindani aliazima jina la ile mikono ya ishara isimamayo kando ya reli.

Basi nina ombi kwa wenye kununua programu kwa fedha za umma katika kaunti zetu. Tangu Septemba 2022, serikali ilipoanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mfuko wa kilo 50, bei iliyoshushwa kuwa shilingi 2,500 mwaka uliofuata, mkulima wa Trans Nzoia na mwenziwe wa Bungoma wamezoea kungoja ujumbe katika simu kabla ya kwenda ghalani. Namba iliyo katika ujumbe wa namna hiyo, kwa mfumo wowote ule, ni kisanduku kimoja: imetumika, au haijatumika. Kama kituo cha Kitale na kituo cha Bungoma vitaiuliza pamoja, na vyote viwili vikaiona haijatumika kabla ya chochote kuitia alama, mfuko mmoja umekwisha kutoka mara mbili, na mkulima fulani mwishoni mwa foleni ataambiwa mbolea imekwisha. Ndivyo ilivyo kwa vitanda vya hospitali, kwa risiti za soko, kwa viwanja. Nataka, kabla ya mfumo wowote wa namna hii kulipiwa, mwuzaji aonyeshe mbele ya mashahidi kwamba ameujaribu kwa mikono miwili: mashine mbili, namba moja, kitufe kibonyezwe pamoja, mara elfu nyingi, na kila mara apatikane mshindi mmoja tu. Jaribio hilo halihitaji mtaalamu kulishuhudia, kwa kuwa hata mwanakamati asiyejua kompyuta ajua kuhesabu hadi mbili.

Nami kwa upande wangu nimeanza na darasa langu la vijana huko Bungoma. Nilipigilia msumari katika mwimo wa mlango, nikatundika kadi yenye visanduku vinane, nikawapa wanafunzi wawili kalamu na kadi tupu, na kwa muda wa robo saa darasa zima likatazama alama zikipotea, wakabishana ni nani aliyekosea, wakashindwa kumpata. Kisha tukaweka sheria ya kuiondoa kadi msumarini, na alama zikaacha kupotea, ila foleni ikaanza mlangoni. Hapo msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husema kidogo, akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akauliza, "na kama aliyeiondoa kadi ameanguka akazimia pale mezani, sisi wengine tutangoja hadi lini?"

"Mwanangu," nikamwambia, "hapo ndipo penye tofauti ya kufuli na tendo la atomiki. Mwenye kufuli aweza kukatizwa na kadi ikiwa mkononi mwake, na ndiyo maana kerneli ina sheria kali za kumkataza asilale akiwa ameshika kufuli ambalo wenziwe wanalizunguka kulingoja. Lakini amri iliyotanguliwa na lock haina katikati pa kuzimia."

Alinyamaza kidogo, kisha akainuka, akapita katikati ya wenziwe hata mlangoni, na badala ya kuiondoa kadi akaikandamiza ukutani kwa kiganja cha mkono wa kushoto, akatia mkasi katika kisanduku cha tatu pale pale ilipotundikwa, kwa mapigo mawili ya kalamu. Akaitazama, akatikisa kichwa, akasema kwamba mkasi nao una mistari miwili, akaomba kadi nyingine, na mara hii akatia nukta moja.